Kutoka Usawa wa Bahari Hadi Uhuru: Mwongozo Kamili wa Kupanda Kilimanjaro na Kundi Kutoka Dar

Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kupanda Kilimanjaro anaanzia chini kabisa. Mwili wake umezoea hewa nzito ya pwani na usiku wa joto. Ndani ya siku chache anatakiwa awe kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kila pumzi inampa takriban nusu ya oksijeni anayoivuta akiwa Kariakoo. Inawezekana kabisa. Kila mwaka wahasibu, walimu, wafanyabiashara na wastaafu wa hapa hapa mjini wanafika kileleni na kurudi salama. Wanaoshindwa, mara nyingi miguu yao haina kosa. Walichagua siku chache mno, au walikaa kimya kichwa kilipoanza kuuma kwa sababu waliona aibu mbele ya wenzao.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda na kundi: la ofisini, la kanisani, la klabu ya jogging, au yale yanayoundwa kila mwaka kuelekea Desemba 9, kukumbuka usiku wa mwaka 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika huru na Mwenge kileleni.

Chagua idadi ya siku kabla ya kuchagua njia

Kilimanjaro hairuhusiwi kupandwa kienyeji. Lazima upitie kampuni yenye leseni, uwe na mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi, na ujiandikishe kwenye daftari getini na katika kila kambi. Kwa hiyo uamuzi wako wa kwanza ni siku ngapi utakaa mlimani, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kwa kubana matumizi.

Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala: Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720) na Kibo (karibu 4,700). Inauzwa kwa siku tano au sita. Chukua sita. Siku ya ziada unaitumia Horombo: asubuhi mnapanda hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha mnarudi kulala pale pale. Machame ni ya mahema, inauzwa kwa siku sita au saba. Chukua saba. Lemosho, ya siku saba au nane, inaanzia magharibi na inaupa mwili muda mzuri wa kuzoea. Rongai inatokea upande wa mpaka wa Kenya, na huwa kavu zaidi mvua zinapokuwa nyingi. Umbwe ni mwinuko mkali wa haraka, na simshauri mtu yeyote anayepanda kwa mara ya kwanza.

Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki tunalipa ada za hifadhi kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kikilinganishwa na dola anazolipa mgeni. Siku moja zaidi kwa mgeni ni mzigo mkubwa, kwetu ni nyongeza inayobebeka. Ukiwa na hela kidogo ya ziada, inunulie siku kabla hujaifikiria kwa koti jipya. Na usisahau kitambulisho cha NIDA, kwa sababu getini ndicho kinachothibitisha kwamba unastahili kiwango cha raia.

Kuhusu msimu, Januari hadi mwanzoni mwa Machi na Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mikavu. Masika, Machi hadi Mei, njia za msituni ni tope tupu na juu kunaanguka theluji. Makundi ya Desemba yanaangukia kwenye vuli, kwa hiyo nguo za mvua kwao ni lazima.

Maswali ya kuiuliza kampuni kabla ya kulipa

Usiulize bei peke yake. Uliza kundi la watu kumi litakuwa na waongozaji wangapi usiku wa kilele. Mmoja wenu akizidiwa usiku wa manane, mwongozaji mmoja atashuka naye, na hapo lazima wabaki wa kutosha kwa wanaoendelea. Uliza kama wanabeba oksijeni, na kama wanapima oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni asubuhi na jioni. Uliza mgonjwa anashushwaje, na nani analipia. Njia kuu zina machela ya gurudumu moja, lakini helikopta ni gharama kubwa, kwa hiyo soma bima yako uone kama inagusa uokoaji wa milimani na hadi mita ngapi.

Kisha uliza kuhusu wagumu, yaani wapagazi wa mlima huu. Wanalipwa kiasi gani kwa siku? Wanakula mara ngapi? Wanalala kwenye hema la aina gani? Mzigo wa kampuni anaobeba mgumu mmoja usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Kampuni inayokupa bei ya kushangaza mara nyingi imeipunguza kwenye mgongo wa mgumu, na mgumu mwenye njaa na koti lililochanika hawezi kukusaidia siku ya hatari. Kilimanjaro Porters Assistance Project, taasisi iliyopo Moshi, inafuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wafanyakazi hawa, na orodha ya kampuni zinazoshirikiana nayo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Pita hospitali, na useme kila kitu

Fanya hivi angalau wiki sita kabla. Mwambie daktari unakwenda karibu mita 6,000. Presha, pumu, moyo, kisukari na ujauzito, vyote viseme.

Kwetu kuna jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya wageni hailigusi: selimundu (sickle cell). Mwenye ugonjwa wenyewe hatakiwi kupanda, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumletea shambulio la hatari. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu, yule anayeitwa AS, ambaye huku chini haumwi chochote, mwinuko mkubwa unaweza kumwathiri bandama. Kama hujui hali yako, pima. Kama ni AS, zungumza na daktari kwanza, na mwongozaji ajue. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa juu ni sababu ya kushuka hapo hapo.

La pili ni malaria. Mbu aliyekuuma Dar wiki mbili kabla anaweza kukuangusha ukiwa kambi ya Shira, na kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu vikadhaniwa kuwa ni mlima. Homa haimo kwenye dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko, basi joto likipanda, fikiria malaria na ushuke ukapimwe. Ukijisikia vibaya siku yoyote ya wiki ya mwisho, pima kabla hujapanda basi.

Muulize pia daktari kuhusu asetazolamaidi, inayofahamika zaidi kwa jina la Diamox. Kwa kinga, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inausaidia mwili kuzoea mwinuko. Itakufanya ukojoe sana, na vidole vitakuwa na ganzi ya kuchomachoma, hiyo isikutishe. Iko katika jamii ya dawa za salfa, kwa hiyo kama Septrin au SP iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, lazima daktari ajue. Ijaribu siku mbili ukiwa nyumbani, usiimeze kwa mara ya kwanza ukiwa hemani.

Mazoezi ya mtu asiye na mlima mtaani kwake

Anza miezi mitatu kabla. Kukimbia ni kuzuri, lakini mlima unadai kutembea kwa saa nyingi, siku mfululizo, begi likiwa mgongoni. Jumamosi tembea saa nne, Jumapili rudia hata kama miguu inalalamika, kwa sababu hiyo Jumapili ndiyo inayofanana na siku ya pili mlimani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ina vilima vya kutosha. Katikati ya wiki tumia ngazi za ghorofa unalofanyia kazi, na kushuka kufanye polepole kwa makusudi, maana magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Mchanga wa Coco Beach nao unafundisha kifundo cha mguu kusimama imara.

Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro mwaka 2024, Uluguru umekuwa jirani. Panda treni ya asubuhi, tembea kutoka mjini hadi Morningside kwenye mita 1,300 hivi, ukiwa na viatu na begi utakavyotumia, rudi jioni. Kundi zima liende pamoja. Hapo ndipo mtajua nani anakimbilia mbele, nani anakaa kimya akichoka, na viatu vya nani vinauma.

Ila lijue hili mapema: mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Kijana wa gym anaweza kuugua na mama wa miaka hamsini na tano akapita salama, tena huyo kijana huugua kwa sababu nguvu zake zinamruhusu kwenda haraka. Mwenye muda na hela anaweza kutangulia Mlima Meru, mita 4,566, siku tatu au nne, mkisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Ukipanda Kilimanjaro siku chache baada ya hapo, mwili unakuwa umeshaonja mwinuko.

Vifaa: Karume, Kariakoo na Moshi

Usiku wa kilele baridi hufika nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo ukivuma huwa kali zaidi. Kinga yake ni tabaka. Karibu na mwili, nguo nyepesi inayokausha jasho. Juu yake flisi, yaani sweta laini la joto. Juu ya flisi, koti nene lililojazwa. Nje kabisa, koti na suruali visivyopitisha mvua wala upepo. Pamba na jinzi ziache Dar, zikilowa hazikauki na zinanyonya joto la mwili.

Mitumba ya Karume na Ilala ina makoti mazuri ya mlima kwa bei ya soda chache ukiwa na jicho. Geuza koti ndani nje na utazame utepe uliobandikwa kwenye mishono. Ukiwa unabanduka, mvua itaingia. Ukifika nyumbani livae, simama chini ya bomba la mvua dakika tano. Zipu ijaribu mara kumi, ukiwa umevaa glovu.

Kwa viatu vya mtumba uwe mwangalifu mno. Kiatu cha mlima kinaweza kuonekana kipya juu, kumbe soli ya kati imekaa miaka mingi na inaoza yenyewe ndani kwa ndani. Bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini kati ya ngozi na soli ngumu. Ikibaki na shimo, ikitoa nyufa ndogo au unga, kirudishe, kitakuachia soli njiani. Kikunje kwa nguvu uone kama gundi inaachia kwenye ncha. Kikifaulu, kivae Dar wiki kadhaa. Kiwe kikubwa kiasi cha kuingiza soksi nene na vidole visiguse mbele unaposhuka, na kucha uzikate fupi.

Begi la kulalia la baridi kali, fimbo mbili na koti nene vinakodishwa Moshi. Taa ya kichwani nunua yako, na betri za akiba. Chukua miwani ya jua, mafuta ya kuzuia jua (ngozi nyeusi nayo inaungua kule juu, hasa midomo na pua), na chupa ngumu za maji za jumla ya lita tatu, maana chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 2019. Dada zangu, misuko minene ya juu haiingii kwenye kofia ya baridi, suka mistari ya kulala. Hijabu nyepesi ya kubana inakaa vizuri chini ya kofia. Beba pedi hata kama siku zako bado, mwinuko unaweza kuzivuruga.

Vitafunwa beba unavyovipenda tangu mtoto: kashata, tende, karanga, ubuyu. Juu, hamu ya kula inapotea, na mtu aliyekataa chakula cha mpishi bado anaweza kumung'unya tende mbili.

Begi kubwa la mgumu lisizidi kilo 15, na kila kitu kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Wewe unabeba begi dogo lenye maji, koti la mvua, flisi, dawa na vitafunwa.

Moshi, siku moja kabla

Mabasi yanatoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, alfajiri, na safari inakula siku nzima kupitia Chalinze, Segera, Same na Himo. Usifike usiku ukapanda mlima kesho yake. Pata siku moja ya kupumzika, kunywa maji na kukagua vifaa mbele ya mwongozaji.

Jioni hiyo kundi likae pamoja, na mkubaliane kwa maneno ya wazi. Kwanza, neno la mwongozaji mkuu ndilo la mwisho, hata kama kwenye kundi yumo bosi wa ofisi au mchungaji. Bosi mwenyewe aliseme hili mbele ya watu, kwa sababu mwongozaji kijana huona shida kumwambia mzee ashuke. Pili, anayeshuka hataniwi, si pale wala baadaye kwenye grupu la WhatsApp. Tatu, kila mtu awe na mwenza, kwa kawaida yule wanayelala naye hema moja. Mwenza wako ndiye atakayegundua umeacha kula, umekuwa mkali bila sababu, au unakohoa usiku.

Siku za kupanda

Nitaeleza Machame ya siku saba. Siku ya kwanza mnatoka getini, karibu mita 1,800, mnapita msitu wenye mbega hadi kambi ya mita 3,000. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Anayekwenda taratibu kuliko wote akae mbele, nyuma ya mwongozaji, na wengine wamfuate.

Siku ya pili ni Shira, mita 3,800 na kitu. Siku ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: mnapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, mnakula pale, kisha mnashuka kulala Barranco kwenye mita 3,950 hivi. Wengi kichwa kinawauma Lava Tower na kinapoa wakishashuka. Hicho ndicho kipimo cha kwamba mwili unajifunza. Siku ya nne asubuhi mnapanda ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu. Fimbo zifungwe kwenye begi, wagumu wapewe njia, wao wana mzigo kichwani. Mnalala Karanga, kisha kesho yake Barafu, karibu mita 4,670.

Kunywa lita tatu au zaidi kwa siku, na mkojo uwe mweupe. Pombe na vidonge vya usingizi usiguse, vinapunguza upumuaji usiku. Zaidi ya yote, ongea. Sisi tuna bahati ambayo mgeni hana, tunazungumza lugha moja na waongozaji, mpishi na wagumu wote. Wengi wa waongozaji walianza kama wagumu, wameona wagonjwa kwa macho yao. Wape shikamoo wanaostahili, kaa nao jikoni, uliza.

Ugonjwa wa mwinuko: lini uendelee, lini ushuke

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za mwanzo, na karibu kila mtu ataonja moja au mbili. Mwambie mwongozaji siku hiyo hiyo. Panadol unaweza kumeza, lakini usiimeze kwa siri ili tu upite ukaguzi wa jioni. Kwa dalili hizi usipande zaidi mpaka zitulie. Zikiongezeka ukiwa umepumzika, unashuka.

Hali mbili ni za kuua. Ya kwanza ni maji kwenye mapafu: mtu anakosa pumzi akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo na kucha zinabadilika rangi. Kwa ngozi nyeusi tazama ndani ya mdomo na chini ya kucha. Ya pili ni ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anaongea ovyo, anatembea kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba, hakuna kusubiri asubuhi. Anashushwa muda huo, usiku au mvua, akiwa na oksijeni na mtu wa kumshika. Dawa ya kweli ni kushuka, na mita 1,000 chini hali mara nyingi hubadilika kabisa.

Namba za kifaa cha kidoleni zisiwatie wazimu. Vidole vya baridi vinadanganya, na watu hutofautiana. Namba ndogo pamoja na dalili ndiyo habari.

Usiku wa kilele

Mnaamshwa kabla ya saa sita usiku. Vaa tabaka zote isipokuwa moja, maana ukianza ukiwa na jasho utaganda baadaye. Simu na betri ziwe mfuko wa ndani, baridi inazimaliza. Chupa za maji zigeuze mdomo chini, maji huanza kuganda kwa juu. Kama unatumia mfuko wa maji wenye mpira wa kunywea, rudisha maji kwa kupuliza kila unapomaliza kunywa.

Kutoka Barafu hadi Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, ni saa sita hivi, na saa tisa hadi kumi na moja alfajiri ndiyo wakati mgumu kuliko wote. Usikae chini zaidi ya dakika chache. Kama wewe ni wa kushuka, shuka na mwongozaji wako bila kujadiliana gizani. Kutoka Stella hadi Uhuru ni karibu saa moja ya mwinuko mdogo. Wanaofika Stella, au Gilman's kwa njia ya Marangu, nao hupewa cheti, kwa hiyo mwenye dalili asilazimishwe kuendelea kwa ajili ya picha ya pamoja. Juu pale, kaa robo saa, piga picha, ondoka.

Kushuka, na haki ya wagumu

Siku hiyo hiyo mnashuka hadi kambi ya Mweka, mita 3,100. Ajali nyingi za magoti na vifundo hutokea hapa, watu wakiwa wamechoka na wanafurahi. Kaza kamba za viatu, refusha fimbo, piga hatua fupi.

Tipu ipangwe na kundi kabla ya kuondoka Dar, ikae kwenye bahasha, isihesabiwe kwa haraka siku ya mwisho. Itangazwe mbele ya wafanyakazi wote, kiasi cha mgumu, cha mpishi na cha mwongozaji, na ikiwezekana kila mmoja apokee mkononi mwake. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kwa kuongoza msafara wa Mjerumani Hans Meyer, uliofika kileleni kwa mara ya kwanza mwaka 1889, na tangu hapo kila aliyefika Uhuru amefika kwa mabega ya watu wa mlima huu. Koti au viatu ambavyo hutavihitaji tena Dar, waachie wao.

Usipande basi la usiku huo huo. Lala Moshi, kunywa maji, nyoosha miguu, kwa sababu kukaa siku nzima kwenye kiti ukiwa umekauka maji ni hatari kwa mishipa ya damu. Ukifika Dar na kikohozi au kukosa pumzi kunaendelea, nenda hospitali na umwambie daktari umetoka mlimani. Ukipata homa ndani ya wiki mbili, pima malaria.